Namna ya Kujisaidia Mtoni Kihalali, na Adabu Nyingine za Grand Canyon

Somo la kwanza utakalopewa ukingoni mwa mto Colorado, kabla hata hujafunga vizuri jaketi la kujiokolea, linahusu haja ndogo. Inakwenda mtoni. Si nyuma ya kichaka, si kwenye mchanga, si kwenye kile kipango cha mwamba ulichokwisha kukipigia jicho. Mtoni. Kama umelelewa Tanga, Kisumu au Kigoma, ukachapwa utotoni kwa kosa hilohilo, mwombe radhi bibi yako kimoyomoyo, ingia majini hadi magotini, utii. Wanawake huenda upande wa juu wa boti, wanaume upande wa chini, na kila mtu hujifunza upesi kuyapenda majabali ya ng'ambo.

Usidhani ni utani wa manahodha. Chini ya korongo hili mvua ni haba, fukwe za kulala ni chache, na zaidi ya watu 20,000 hupita kwa boti kila mwaka wakitandika kwenye fukwe hizohizo. Mkojo ukimwagwa mchangani hakuna cha kuuosha. Unakauka, unanuka, na mgeni wa kesho anaukuta pale anapoweka mto wake wa kulalia. Mto nao hupitisha mamia ya mita za ujazo za maji kila sekunde. Ila ruhusa hii ni ya mto mkubwa peke yake. Vijito vinavyoingia kutoka pembeni, vyembamba na safi, viachie vyura na ndege. Huko hukojoi, huogi kwa sabuni, hufui hata soksi.

Nimeanza na mkojo kwa makusudi. Kila msimu wapo watu wanaofika Arizona wamejiandaa kwa vita: wamenunua visu vikubwa, wamefunga kamera kichwani, wamewaaga jamaa kwa maneno makubwa kwamba wanakwenda kuushinda mto. Mto hauna habari nao. Nawapenda watu hawa na ningependa warudi kwao wazima, ndiyo maana nawaambia mapema: ndani ya korongo hili mjuaji huaibika na mtiifu hustarehe.

Utii huo unaanzia nyumbani. Huwezi kuteremka Lees Ferry, safari inapoanzia, na boti lako ukaingia majini tu. Hifadhi ya Taifa ya Grand Canyon, iliyoanzishwa 1919, hutoa vibali vya safari binafsi kwa bahati nasibu. Ile kubwa hufanyika Februari kwa ajili ya mwaka unaofuata, na msafara hauzidi watu 16. Zamani ilikuwa foleni ya majina, ikafika mahali watu wakangoja zaidi ya miaka 10, ndipo utaratibu ukabadilishwa 2006. Njia nyingine ni kulipia kampuni yenye leseni, na huko nafasi nzuri huisha mwaka mzima kabla. Kwa njia zote mbili, mtu mmoja ana haki ya safari moja ya burudani kwa mwaka. Hakuna mjomba wa kumpigia simu.

Sasa chagua wenzako, na hapa ndipo safari nyingi huharibika kabla hazijaanza. Kutoka Lees Ferry hadi Diamond Creek, safari inapoishia, ni maili 226, yaani kilomita 363 hivi. Kwa makasia ni wiki mbili au zaidi. Hakuna mtandao wa simu, hakuna duka, na huwezi kumwambia dereva ashushe mtu. Usimchukue rafiki kwa sababu ana kifua kipana na anaogelea vizuri. Mchukue yule ambaye harusini ukimtafuta unamkuta uani anakosha masufuria. Mchukue anayeweza kukaa kimya nusu saa bila kuona amedhulumiwa. Yule anayejua kila kitu mwache mjini akiendelea kujua.

Kuhusu boti, yapo ya injini, makubwa, yanayomaliza safari ndani ya wiki moja. Hayaruhusiwi kuanzia Septemba 16 hadi Machi 31. Yapo ya mpira ya kupigwa makasia na nahodha mmoja abiria wakiwa wamekaa, yapo ambayo kila mtu anashika kafi, na yapo madau madogo ya mbao, mazuri kupita yote na yanayovunjika kuliko yote. Mwenye siku chache achukue la injini bila kuona haya. Lakini kama una nafasi, panda la makasia. Injini inameza sauti ya maji, na nusu ya elimu ya korongo hili inaingia kwa masikio: utasikia maporomoko kabla hujayaona, mngurumo unaotoka nyuma ya kona, na tumbo lako litakuwa la kwanza kuelewa.

Mzigo uwe mdogo. Mwarabu wa Muscat, Mswahili wa Lamu na nahodha wa Colorado wamefikia uamuzi mmoja bila kukutana: mwilini, penye joto kali, hakuna kinachoshinda kitambaa chepesi cha pamba kilicholoweshwa. Wenyeji wa mto ule, wanaume kwa wanawake, hujifunga vitambaa vya aina ya kikoi mchana kutwa. Kwa hiyo kanga ulizonazo kabatini ni vifaa halali vya safari. Chovya, kamua kidogo, jitupie mabegani. Baada ya robo saa imekauka, chovya tena. Ya pili iwe kavu kwa ajili ya usiku. Ya tatu ni pazia la kubadilishia nguo, maana faragha nyingine haipo. Usisahau mafuta ya mgando, chupa kubwa. Hewa ya jangwa ikichanganyika na mchanga na kulowana kila saa hupasua visigino na ncha za vidole mpaka kufunga kifungo ni maumivu. Utapauka, hilo halina mjadala. Na usidanganywe na mtu kwamba ngozi nyeusi haiungui. Inaungua vizuri sana, inachelewa tu kukuambia.

Kunywa maji, lakini kula na chumvi. Hili nalisema bila kutabasamu. Mtu anayebugia lita kwa lita kwenye joto la zaidi ya nyuzi 40 huku akikataa chakula anaweza kuipunguza chumvi ya damu yake hadi akachanganyikiwa, akazimia, hata akafa, na dalili za mwanzo zinafanana na za kiu, kwa hiyo wenzake wasiojua humwongezea maji. Njugu, achari, mchuzi wenye chumvi, vyote ni dawa. Ukiona mwenzako amekuwa mkali ghafla bila sababu, mpe kivuli na kitu cha kutafuna kabla hujamjibu.

Aliyewahi kupanda boti la mpira Jinja, kwenye Nile, asije na uzoefu ule mfukoni. Maji ya Nile ni vuguvugu. Ukitupwa unacheka, unapandishwa, mnaendelea. Colorado ya korongoni inatoka kilindini mwa ziwa Powell, nyuma ya bwawa la Glen Canyon lililoanza kuuzuia mto 1963, na kwa miongo mingi maji hayo yametoka yakiwa na nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi. Miaka ya karibuni ziwa liliposhuka yalipata joto kidogo, si la kutegemea. Ukidondokea humo kutoka kwenye hewa ya nyuzi 40, kifua kinabana na pumzi inakatika, na mdomo ule uliokuwa ukijigamba asubuhi unafunguka wenyewe penye wimbi. Ufunge. Ngoja pumzi irudi. Kisha lala chali, miguu mbele ikielekea unakopelekwa, vidole juu ya maji, wala usijaribu kusimama, maana mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utakulaza kifudifudi. Mamba na viboko hakuna kabisa. Kwa hilo shukuru, wewe unayetoka kwenye mito yenye wenyewe.

Amri nyingine ya kuishika kabla hujaielewa: boti likisukumwa ubavu dhidi ya mwamba, ubavu mmoja hunyanyuka, na nahodha hupiga kelele mara moja tu. Mwili wako wote utakuambia kimbilia upande wa chini, mbali na hatari. Mwili wako ni mwongo. Jitupe kwa nguvu upande unaonyanyuka, ulalie, uuzamishe kwa uzito wako. Hapa mtu mnene ana hadhi yake kamili. Nimeona mama mmoja mwenye mwili wake akiwekwa mbele kwa heshima zote, naye akikaa pale akijua kwa nini amewekwa, na sijaona cheo kinachompendeza mtu kiasi kile.

Sasa maporomoko yenyewe. Wageni hudhani mto ndio umeyachonga. Mengi yaliletwa kutoka pembeni. Mvua kubwa hunyesha juu, katika korongo dogo la kando. Maji yanashuka kwa kishindo yamebeba tope na majabali, yanayatapika mtoni, na mto unajikuta umewekewa ukuta. Unainama, unabanwa, unapita juu ya majabali kwa hasira. Crystal, kwenye maili ya 98 kutoka Lees Ferry, lilikuwa poromoko la kawaida hadi Desemba 1966. Mafuriko ya kijito chake yakalishushia mawe, na tangu hapo manahodha hulitaja kwa sauti ya chini. Kutokana na hilo chukua somo la kulala: msimu wa mvua za Julai hadi Septemba, usipige hema katikati ya njia ya kijito kikavu, hata mchanga wake uwe laini namna gani. Ni laini kwa sababu maji hupita hapo. Mbingu juu yako inaweza kuwa buluu tupu, na mvua iliyokulenga imenyeshea watu wengine mbali, saa nzima iliyopita.

Kwenye mto huu maporomoko hupewa alama 1 hadi 10, tofauti na mito mingine inayoishia daraja la 6, na mahali huitwa kwa maili kuanzia Lees Ferry. Maili ya 179 ni Lava Falls. Kabla yake, mwamba mweusi wa volkeno umesimama peke yake katikati ya mto, na kuanzia hapo mazungumzo ndani ya boti hupungua. Boti zinafungwa kando, manahodha wanapanda kwenye mawe meusi yanayochoma nyayo, wanatazama. Watazame wao, usitazame poromoko. Mmoja niliyekaa karibu naye alifuata kwa macho mstari mmoja wa mapovu, kutoka yanapoanzia kwenye maji tulivu hadi yanapotoweka, akarudi mwanzo, akaufuata tena, midomo ikicheza bila sauti, mkono wake wa kulia ukivuta kasia lisilokuwepo. Hapo usimwulize kama kuna samaki. Usimwambie ulichosoma. Usimwombe akupige picha. Anatafuta mlango. Upande wa juu wa Lava, karibu katikati, kuna ukingo wa mwamba ambao maji hulala juu yake vizuri kama hakuna kitu, kisha yanaanguka nyuma yake na kujikunja kurudi kinyumenyume. Boti likiingia humo linaweza kugeuzwa, kushikwa na kutafunwa. Ulipo ulimi wa maji laini unaopita pembeni yake, pana nafasi ndogo, nayo kutoka usawa wa mto haionekani, unaiona ukishaingia. Ndiyo maana yule nahodha anaihifadhi kichwani kama aya.

Kazi yako ni kushika kamba kwa mikono miwili. Si kamera na kamba. Kamba. Inachukua sekunde chache, nusu yake ukiwa chini ya maji, na ukitokea upande wa pili kazi yako inayofuata ni kuhesabu vichwa na kukumba maji kwa ndoo mpaka uambiwe basi. Kushangilia kunaruhusiwa baada ya boti la mwisho kupita.

Wale wenye hamu ya rekodi niwape mfano wa kuwatuliza. Juni 1983 theluji ya milimani iliyeyuka kwa wingi, ziwa Powell likajaa pomoni, na bwawa likalazimika kuachia zaidi ya mita za ujazo 2,500 kwa sekunde. Boti kubwa za injini zilipinduka Crystal na mtu akafa. Katika siku hizohizo Kenton Grua, Rudi Petschek na Steve Reynolds walipita usiku na mchana kwa dau la mbao liitwalo Emerald Mile, maili 277 ndani ya saa 36 na dakika 38. Crystal liliwapindua hata wao. Ni habari ya kusisimua na ninaipenda, lakini mpenzi wa rekodi asome na sehemu ya nyuma yake: Grua alikuwa ametembea korongo lote kwa miguu, na alikuwa amepiga makasia humo miaka na miaka. Alikuwa ameutumikia mto kabla ya kuuomba kasi.

Wa kwanza kabisa kuandikwa kwamba walipita, kundi la John Wesley Powell la 1869, walikuwa waangalifu kuliko watalii wa leo. Powell alikuwa amepoteza mkono wa kulia kwenye vita vya Shiloh. Aliondoka Green River, Wyoming, Mei 24 na watu tisa na boti nne, moja likavunjika mapema. Kila walipoweza waliyakwepa maporomoko: walishuka, wakayateremsha maboti kwa kamba kandokando ya ukingo, wakabeba mizigo mabegani, siku nzima kwa hatua chache. Chakula kilipoharibika walibaki na unga uliovunda, matufaha makavu na kahawa. Mwisho wa Agosti watu watatu, ndugu wawili Howland na William Dunn, walilitazama poromoko moja lililokuwa mbele yao, wakaona bora wapande juu kwa miguu. Hawakuonekana tena. Waliobaki walitoka korongoni kesho yake. Kwa hiyo kiongozi wa msafara wako akisema hapa tunashuka tunatembea, usinune. Unafanya alichofanya Powell, tena wewe una chakula cha jioni.

Na chakula chenyewe ni kingi, maana boti hubeba vitu ambavyo mgongo usingebeba: nyama, mboga, hata keki inayookwa kwenye sufuria la chuma lenye makaa juu ya kifuniko. Kila punje inayodondoka unaiokota. Sisimizi wekundu wa jangwani wana kumbukumbu, kunguru wakubwa wa pale wanafungua zipu za mabegi, na usiku huja mnyama mdogo mwenye mkia wa mistari anayechagua tunda bora kuliko wewe. Maji ya kuoshea vyombo huchujwa, makapi yanaingia kwenye mfuko, maji yanamwagwa mtoni. Moto huwashwa juu ya karai la chuma na majivu yake yanasafiri nanyi. Asubuhi kung'uta viatu, maana nge hupenda viatu.

Nimefika kwenye sanduku. Haja kubwa haiendi mtoni, haifukiwi. Inasafiri hadi mwisho wa safari ndani ya masanduku ya chuma yenye mfuniko wa kubana. Masanduku ya kwanza yalikuwa ya risasi za jeshi, hayana kiti, na kingo zake ziliwachora watu mistari miwili matakoni. Ya leo yana kiti cha kawaida, ushukuru. Kila jioni, waliopangiwa zamu hulibeba wawili wawili hadi mahali palipojificha, na manahodha wana desturi ya kulitafutia mandhari bora ya kambi nzima. Mwanzo wa kijia huwekwa ndoo ya kunawia, na juu yake kopo la karatasi za chooni. Kopo likiwepo, njia nyeupe. Kopo halipo, kuna mtu, subiri. Ukimaliza lirudishe, kwa sababu aliyelisahau kule huifungia kambi yote. Mkojo usiingie humo, sanduku linajaa upesi. Kwa hiyo mtu hupitia mtoni kwanza, kisha kwenye sanduku, na wapo ambao miili yao inakataa kabisa mpangilio huo siku mbili za mwanzo. Itakubali. Nami nashika msimamo kwamba anayejitolea kulibeba sanduku bila kutajwa jina apewe kiti cha mbele siku ya Lava.

Mtu wa pwani ana faida moja hapa ambayo wa bara hana. Colorado ya korongoni hujaa na kupwa kila siku, kama Bahari ya Hindi, ila mwezi wake ni mita ya umeme: watu wa miji ya jangwani wakiwasha viyoyozi mchana, bwawa hufungua maji zaidi kuzungusha mitambo, wakilala, hupunguza. Wimbi hilo linasafiri mtoni na kufika kila kambi kwa saa yake. Ukifunga boti jioni maji yakiwa juu, alfajiri utalikuta limepwelewa, limekaa juu ya mawe na mzigo wake wote, na watu 16 wenye njaa watalisukuma huku wakikutaja. Basi kabla ya kulala chomeka kijiti kwenye ukingo wa maji, kitazame tena baada ya kula, ujue yanaelekea wapi. Acha mtu alale ndani ya boti. Legeza kamba au vuta kulingana na hali. Mvuvi wa Pemba angeelewa mchezo huu kwa usiku mmoja.

Bwawa hilohilo ndilo huzuni ya mto huu, na sitaki msomaji apite juu yake akishangaa tu uzuri. Kabla ya 1963 mto ulikuwa mwekundu kwa tope, vuguvugu wakati wa kiangazi, na mafuriko ya masika yalizijenga upya fukwe zake. Sasa tope linabaki ziwani, maji yanatoka safi na ya baridi, yanalamba mchanga bila kuurudisha. Tangu 1996 wakubwa wa bwawa wameachia mafuriko ya kutengeneza mara kwa mara ili kuinua mchanga uliobaki chini, na yanasaidia kwa muda. Samaki mwenye nundu, ambaye hapatikani popote duniani ila mto Colorado na vijito vyake, aliwekwa kwenye orodha ya viumbe wanaokaribia kutoweka 1967. Mwaka 2021 hali yake ikatajwa kuwa afadhali. Mabwawa mengine mawili yalipangwa kujengwa korongoni, yakazuiwa 1968 baada ya wananchi kupiga kelele. Waganda wanajua upande wa pili wa hadithi: bwawa la Bujagali lilipozinduliwa 2012, maporomoko ya jina hilo yalikuwa yamezama. Umeme unahitajika, sibishi. Ninachodai ni kwamba anayekuja kufurahia mto ajue ni nani anayeshika bomba, na asikanyage ovyo mchanga ambao hauletwi tena. Tembea palipokwisha kukanyagwa. Panda ukitokea majini, si kwa kubomoa kingo.

Na ujue umeingia kwa watu. Makabila 11 yana uhusiano na korongo hili tangu kabla ya mipaka ya hifadhi. Nankoweap, kwenye maili ya 53, kuna maghala ya nafaka yaliyojengwa juu kabisa kwenye ukuta wa mwamba karibu miaka 900 iliyopita, madirisha yake madogo yakitazama mto. Panda, tazama, usiingize kichwa. Kigae cha chungu ukikiona mchangani kiache kilivyolala. Hata kukikusanya na vingine juu ya jiwe ili wenzako waone ni kukihamisha kwake. Pale Little Colorado inapoingia, mara nyingi ikiwa na rangi ya feruzi, ni mahali patakatifu kwa Wahopi na kwa Wanavajo, na zipo sehemu zilizofungwa kwa wageni. Ukiambiwa usiende, usiulize kwa nini mara ya pili. Juu ya kijito cha Havasu, maili ya 157, kuna kijiji cha Supai ambako Wahavasupai wanaishi hadi leo na barua hufika kwa baghala. Hao ni wenye nyumba. Umepita ukumbini mwao na suruali fupi. Salimia, punguza sauti.

Safari inaishia Diamond Creek, kwenye ardhi ya Wahualapai, na huko kuna ada ya kuwalipa. Usikimbilie kivuli. Kazi inaanza: mizigo yote inashuka, maboti yanatolewa hewa na kukunjwa, masanduku yanapakiwa kwenye lori, na anayetoweka wakati huu hukumbukwa miaka mingi. Manahodha wa kampuni wape bahasha yao mkononi, na shukrani kwa mdomo, kabla hamjapanda gari. Barabara ya kutoka hapo hadi Peach Springs ni ya vumbi na sehemu yake hupita ndani ya kijito chenyewe; mvua ikinyesha juu, inaondoka na maji, na mtangoja hadi itengenezwe. Kwa hiyo tiketi ya ndege ikate ya siku inayofuata, tena ya jioni.